Breki za Mama

Kaka yangu mkubwa anauza masofa, na kwa kuwa anauza vitu vya kukalia, anadhani kila binadamu anapaswa kukaa. Tunamwita Bosi. Jina hilo alijipa mwenyewe, akalirudia mbele za watu mpaka wakachoka kumbishia. Ukimkuta dukani amejitandaza kwenye kochi ambalo bado lina nailoni, mguu juu ya mguu, anamfokea mtu kwenye simu, huwezi kuamini kwamba alizaliwa na mwanamke yuleyule aliyenizaa mimi.

Mama haketi. Ana kitalu cha miche ya matunda na maua chini bondeni, kando ya barabara, na nyumba yake iko juu kilimani. Katikati kuna njia ya udongo yenye mteremko mkali na kona moja mbaya. Magoti yalipoanza kumsumbua alinunua pikipiki ya magurudumu manne, kuukuu, rangi imebabuka, kiti kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Tangu hapo hakuna aliyemwona akipanda kile kilima kwa miguu. Anabebea mbolea, anabebea madumu ya maji, anabebea miche yenyewe imesimama nyuma yake kama abiria. Sisi watoto tunaliita Dude.

Tatizo la Dude lilikuwa breki. Zilikuwa breki za waya: unabana mkono wa breki kwenye usukani, waya unavuta, magurudumu yanashikwa. Zikiwa mpya zinataka kiganja chenye nguvu, zikichakaa zinataka kiganja cha mbeba zege. Na vidole vya Mama vimeingiwa na baridi yabisi, viungo vimevimba, hata kifuniko cha chupa anamwita jirani amfungulie. Siku moja Dude lilimshinda pale konani, likaingia kwenye uzio wa watu. Mama alitoka na mchubuko wa kiwiko tu, lakini jirani mmoja asiye na kazi ya kufanya akampigia Bosi simu.

Bosi akaitisha kikao. Kikao chenyewe kilikuwa yeye na mimi sebuleni kwa Mama, na Mama mwenyewe akijaza udongo kwenye vifuko vya miche pale mlangoni.

“Mama, umri umeenda,” alianza, kwa ile sauti anayowauzia wateja. “Hilo dude tutaliuza. Utakuja kukaa kwangu. Chumba kiko tayari.”

Chumba hicho nakifahamu. Kiko nyuma ya duka, kilikuwa stoo ya magodoro, na dirisha lake linatazama ukuta. Mke wake alikwisha kulitundikia pazia hilo dirisha, sijui ni ili Mama asiuone ukuta au ukuta usimwone Mama.

“Mwenye kasoro si Mama, kaka,” nikamwambia. “Kasoro iko kwenye waya. Nitalifungia breki za mafuta.”

Mimi ni fundi wa pikipiki. Nina gereji yangu, na wanaume wazima wenye ndevu hunyamaza nikiwaambia wanyamaze. Bosi alicheka mpaka tumbo likatikisika.

“Breki za mafuta kwenye mkweche ule? Acha utani, mdogo wangu.”

“Subiri uone.”

“Haya, nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Nitakuja mwenyewe. Akishindwa kulisimamisha mteremkoni kwa mkono wake, anahamia kwangu, na nisisikie neno.”

“Na akiweza, hutatia mguu hapa kuleta habari za chumba.”

Tukapeana mikono. Mama aliendelea kujaza vifuko.

Breki za mafuta zenyewe si uchawi. Kwenye usukani unafunga pampu ndogo, ndani yake kuna mafuta maalumu, na ukibana mkono wa breki yale mafuta yanasukumwa kwenye mpira mpaka gurudumuni, yanaibana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Mafuta yanafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na misuli. Vifaa nilivitoa kwenye pikipiki mbili zilizopata ajali, zilizokuwa zimelala nyuma ya gereji. Kazi ngumu ilikuwa kuvishikiza vifaa hivyo kwenye magurudumu ambayo hayakuumbwa kwa ajili yake. Nilikata bamba la chuma, nikatoboa, nikapima, likawa limepinda kidogo. Nikalitupa nikakata jingine. Wapo mafundi ambao wangelipiga nyundo na kuomba Mungu. Nawajua kwa sura.

Katikati ya kazi, Bosi akanitumia mzigo. Kufungua, nakuta pampu mpya inayong’aa, ya pikipiki kubwa ya mashindano, na ujumbe kwenye simu: “Usimfungie mama yangu makopo.” Mama yake! Mimi labda niliokotwa. Pampu ile ilikuwa nene kama mkono wa mtoto, na kadiri pampu inavyokuwa nene ndivyo inavyokuwa ngumu kubana. Mama angehitaji kuiminya kwa miguu miwili. Mimi nilitaka ndogo kuliko zote: mkono wa breki uingie mbali, lakini uingie laini. Nikamrudishia pampu yake, nikamwambia aiweke dukani iwe pambo.

Nilishinda kwa Mama siku nyingi, nimelala chali chini ya Dude, nikitoa upepo kwenye mipira. Upepo ukibaki humo, breki inakuwa kama kubana sponji. Mama alikuwa akipita na kumwagilia maji, akasimama mara moja au mbili, akasema chai ipo. Nikasema nakuja. Kichwani mwangu alikuwamo Bosi tu. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia siku ile, nikiyabadilisha, nikiyatia makali, nikicheka peke yangu kwenye mavumbi.

Kazi ilipokwisha nilimkalisha Mama kwenye kiti, nikamwambia abane. Akabana kwa vidole viwili. Diski zikashika. Akaniangalia, akatabasamu, na mimi nikasema, “Sasa aje huyo muuza makochi.”

Alikuja mwisho wa mwezi, gari akaliacha chini kwenye kitalu kwa sababu aliogopa kulikwaruza, akapanda kilima akihema. Amevaa viatu vyeupe. Mtu anakuja kukagua breki kwenye njia ya udongo, amevaa viatu vyeupe!

Kwanza akataka alijaribu yeye. Akalizungusha Dude uani huku akijisifia, akalisogeza mpaka mwanzo wa mteremko, akalizima, akaliacha bila gia, akamwambia Mama apande mbele ya miche aliyokwisha kuipakia nyuma. Zile breki za waya zilikuwa na kishikizo cha kulifungia dude likiegeshwa. Hizi mpya hazina. Nikamwambia atafute jiwe alikingie gurudumu. Bosi akatoa mfukoni kipande cha mpira wa tairi, akauzungushia mkono wa breki ukabaki umebanwa.

“Watu wote wanafanya hivi,” alisema. “Mama, wewe pumzisha vidole. Mimi naandaa simu nikurekodi, huyu asije akasema nimedanganya.”

“Kaka, weka jiwe.”

“Si umesema breki zako ni kiboko? Sasa jiwe la nini?”

Hapo simu yenyewe ikaita. Mteja wa kochi la umbo la herufi L. Bosi akatugeuzia mgongo, akaanza kupiga domo kuhusu rangi za vitambaa, mimi nikamfuata kisogoni nikimwambia akate simu, na kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyeona ule mpira ulipoteleza.

Tulisikia changarawe. Dude lilikuwa limeshaanza kwenda, kimya, bila injini, na Mama juu yake, mikono mapajani. Nilipiga ukelele. Bosi aliangusha simu. Lilishika kasi kuelekea ile kona, na ng’ambo ya kona hakuna uzio tena, ni korongo. Nilikimbia huku najua kwamba sitafika.

Mama akanyoosha mkono akabana breki.

Dude lilisimama. Halikuserereka, halikupinda, lilisimama palepale, hatua chache kabla ya kona, vumbi likalipita na kuendelea peke yake. Tulifika tukiwa hatuna pumzi. Na kitu cha kwanza kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa hiki:

“Umeona? Umeona, kaka? Kwa mkono wake! Sema sasa!”

“Niseme nini? Umetaka kuniulia mama!”

“Mimi? Nani amefunga mpira kama anafunga mfuko wa karanga?”

“Breki gani haina pa kufungia? Kazi nusunusu, kama kawaida yako!”

“Angalau mimi nafanya kazi! Wewe unakalia mali yako mpaka inabonyea!”

Tulifika mbali. Tulirudi mpaka kwenye mambo ya utotoni, nani alipendelewa, nani alivunja redio. Nilikuwa nimeyaandaa maneno kwa wiki nzima na nikayatoa yote, moja baada ya jingine, na nakiri kwamba yalinoga. Bosi alikuwa ananinyooshea kidole puani.

“Mkono wangu unachoka,” Mama alisema.

Tukageuka. Alikuwa bado amekaa juu ya Dude, kwenye mteremko uleule, korongo mbele yake. Muda wote tulipokuwa tukitukanana, alikuwa ameibana ile breki. Mkono ulikuwa umekakamaa mpaka begani, na jasho linamtiririka shingoni.

“Kati yenu,” akasema, “yupo anayeweza kuweka jiwe?”

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Tuligombania jiwe moja la kando ya njia, tukaliweka wote wawili mbele ya gurudumu. Mama akaachia polepole, akauweka mkono kwenye paja, akaukanda kwa ule mwingine. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa kunitazama tu.

“Chumba chako,” akamwambia Bosi, “rudishia magodoro.”

“Mama, lakini mimi—”

“Rudishia magodoro.” Kisha akanigeukia mimi, na mimi mjinga nikajiandaa kupongezwa. “Na wewe. Umelala chini ya hiki kitu hapa uani kwangu siku zote hizo. Chai yangu uliinywa lini?”

Nikainama kulikagua lile jiwe.

“Mara nyingine ukija, spana ziache kwako. Uje kuniona mimi. Sasa shukeni, wote wawili, mniondokee. Kwa miguu.”

Tulishuka. Bosi alishika mbele, viatu vyake vyeupe vimekuwa rangi ya udongo, mimi nyuma. Tulikuwa tumeshaivuka kona tuliposikia injini inawaka juu, kisha inakuja, na tukalazimika kuruka pembeni, kwenye majani, kumpisha.

Mama alipita katikati yetu, ana miche nyuma. Alipunguza mwendo, tukadhani anasimama tupande. Alikuwa anakwepa shimo tu.