Tembe la Kwenda Maonyeshoni

Bwana wa ujenzi alimtaka baba, fundi Masele, atengeneze tembe dogo, mfano wa nyumba zetu za udongo zenye paa bapa, la kuenea juu ya meza, lipelekwe Uingereza. Huko kulikuwa na maonyesho makubwa na Tanganyika ilipewa banda lake. Waliokuwa wakilichora walitaka kuona sisi tunajengaje. Baba alifurahi kuliko alivyosema. Hapa Tabora watu wamehamia bati, fundi wa tembe haitwi tena ila kuziba paa linalovuja. Na bwana aliahidi: likipendwa, Masele atajenga nyumba ya wasafiri kule Puge.

Baba akasimamisha nguzo za vijiti, akalaza boriti, akatandika nyasi, akashindilia udongo juu yake. Mimi nikakandika kuta kwa kidole, maana kiganja hakikupita. Shangazi Josepha alipita akatuuliza tunawajengea panya wa nani.

Bwana alipokuja alipiga magoti akachungulia mlangoni. Giza. Tembe la kweli halina madirisha, na baba hakuona sababu ya kudanganya. Bwana akasema ukuta wa mbele ukatwe, watu waone ndani.

Ndani tulikuwa tumetia kila kitu, chumba cha mbuzi upande wa nyuma, hata kitanda cha mama mwenye nyumba.

"Bwana, ukija kwangu nitakukaribisha ukae," baba alisema. "Lakini anapolala mke wangu hutapaona."

"Hiki ni kielelezo tu, Masele. Hakuna anayelala humo."

"Kitanda kimo."

Bwana akaokota kofia yake. Nikaiona Puge inakwenda zake. Muda wote nilikuwa najiuliza, watu wa mbali vile wanatafuta nini katika nyumba ya udongo? Nikamwuliza bwana kwa adabu. Akafikiri, akajibu kuwa wachoraji wa lile banda wanataka kujua paa zito namna ile linasimamaje.

Basi nikamwambia baba, kwa Kinyamwezi, kwamba nguzo za upande wa mbuzi ni zilezile.

Akanitazama. Kisha akachukua kisu, akazunguka nyuma, akaukata ukuta wa kule. Nguzo, boriti, nyasi, udongo, vyote vikaonekana.

"Hapa ni chumba gani?" bwana aliuliza.

"Cha mbuzi, bwana."

Bwana alicheka hata akavua miwani kuifuta. Akasema kiangazi kikianza, baba aende Puge.

Sanduku liliondoka kwa treni. Mimi hata leo nawawazia Waingereza, na kofia zao, wamepanga foleni kutazama wanapolala mbuzi wetu. Sijui kama yupo aliyeuliza upande wa pili kuna nini.