Tairi Nne Stoo

Haidar alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akishasema jambo kuhusu gari, halirudi nyuma. Miaka kumi na mbili ya kununua vipuri Guangzhou na kuvisafirisha Dar na Unguja ilimjaza kiburi hicho, na wenzake pale jengo la Tianxiu walishamzoea. Ukibishana naye habari za giaboksi, ujue chakula cha mchana umekikosa.

Asubuhi hiyo ya Januari mdogo wake Shamsia alimtumia ujumbe kutoka Harbin, kaskazini kabisa mwa China, alikokuwa akisoma shahada ya uzamivu. "Tunatoka sasa, kaka. Nampeleka rafiki yangu Careen kwenye mafunzo yake, mwendo wa saa nne. Theluji imeanguka usiku kucha, lakini tuna fowili yako."

Haidar akatabasamu, akaagiza chai. Gari hiyo alimnunulia mdogo wake mwezi wa tisa, kutoka kwa mtu wa kaskazini aliyehamia Guangzhou na biashara zake. Fowili, magurudumu yote manne yanavuta. Kwao Unguja gari ya namna hiyo haiogopi masika: unaingia topeni, unatoka, unaendelea na safari zako.

Tairi zake ndizo hakuzipenda. Zilikuwa laini, ukizibonyeza zinaingia, tena zimejaa mikato midogomidogo kama kuna mtu kazichezea kwa wembe. Kwa mtu anayepeleka mali kwenye jua la Dar, tairi laini ni ya kukataliwa hata kabla ya kuuliza bei. Basi akazivua, akazisukumia stoo, akafunga tairi mpya ngumu zenye meno makubwa, gari ikapakiwa kwenye lori la Harbin. Wala hakumwambia mtu, maana nani humwambia mtu kwamba kamtolea uchafu kwenye mchele?

Mwezi wa kumi Shamsia akapiga simu. Wenzake chuoni wanasema kule huendi popote bila tairi za theluji, na mmoja wao, Japheth, ana seti ya kumwazima.

"Huyo Japheth anasoma nini?"

"Misitu."

"Basi akaendeshe miti. Mimi ndiye mtu wa magari. Fowili haina haja na hayo."

Shamsia alicheka, akasema sawa, kaka. Yakaisha.

Sasa chai ilikuja pamoja na laoban Sun, bosi wa duka la tairi, mzaliwa wa kaskazini hukohuko. Waliingia stoo kutazama pedi za breki, na Sun akaona ukingo wa tairi chini ya turubai. Akachuchumaa, akalifunua, akapitisha kidole kwenye ile mikato.

"Hizi za baridi," alisema. "Nzima kabisa. Nani kaziacha kwenye joto huku?"

"Mbovu hizo. Huoni zilivyopasuka?"

Sun alimtazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyevaa viatu kushoto kulia. Hazikupasuka, akamweleza, zimechanjwa makusudi kiwandani, na mikato hiyo ndiyo inayoshika theluji. Ulaini nao ni wa makusudi, kwa sababu kwenye baridi ya kule tairi ya kawaida hukakamaa ikawa kama ubao.

"Lakini gari yenyewe ni fowili," Haidar akasema.

"Fowili itakuondoa. Kusimama je? Kusimama gari zote ni sawa, zote zinashika breki magurudumu manne, na kinachogusa barabara ni tairi tu. Kule kwetu, wenye fowili ndio tunaowatoa mitaroni. Wanaondoka kwa urahisi, wanadhani na kusimama kutakuwa vivyo hivyo."

Haidar alitoa simu, akatafuta jina la Shamsia, na kidole kikabaki hewani.

Maana atapokea. Tangu mama yao alipofariki na kumwachia binti wa miaka tisa, sheria ya nyumbani ilikuwa moja: simu ya kaka hailii mara mbili. Sheria aliiweka yeye. Akipiga sasa, Shamsia atashika simu kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, juu ya barafu, na tairi zile. Na asipopiga, hatamwonya. Akampigia Careen. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

Alitoka nje, lifti ikachelewa, akashuka kwa ngazi. Mtaani hapo Xiaobei watu walikuwa wamevaa fulana, jua limewaka, na yeye jasho linamtoka huku akiwaza barafu. Akapanda tena. Akakaa, akainuka. Aliogopa, tena aliogopa kweli, na hasira zote alizokuwa nazo hazikupata pa kwenda ila kwake mwenyewe. Sun alibaki palepale stoo, chai yake imepoa.

Saa sita na nusu simu ikaita.

"Kaka, nisamehe," Shamsia alisema. "Nimeiharibu gari yako. Lori la mbele lilisimama, nikakanyaga breki, gari ikaendelea kwenda tu. Nikaikwepesha, tukaingia mtaroni. Mimi mzima. Careen kavunjika mkono, tuko hospitali. Ni mimi, kaka. Sijui kuendesha. Gari haina kosa."

Hapo mlango wa kujinasua ulikuwa wazi. Angesema pole, angesema gari itatengenezwa, na hakuna ambaye angejua.

"Si wewe," Haidar alisema. "Ni tairi. Ilikuja na tairi za theluji, nikazivua mimi. Nilidhani mbovu. Ziko hapa mbele yangu, nzima. Na ulipouliza, nikakunyamazisha."

"Japheth alikuwa ameshanifungia zake," Shamsia akasema polepole. "Uliposema sina haja nazo, nikamwambia azivue."

Haidar akakaa chini, juu ya tairi zilezile.

"Careen anadhani kosa ni langu," Shamsia aliendelea, na sasa alikuwa analia. "Tangu asubuhi ananiambia hanilaumu. Naweka spika, kaka. Mwambie mwenyewe."

Haidar akamwambia Careen yote, tangu tairi alizozivua hadi simu ya mwezi wa kumi.