Tawi la Mninga kwenye Nguzo ya Kona

Saa kumi na nusu alasiri Advera alikuwa akianika michembe ya viazi uani kwake, nje kidogo ya Isikizya, wapagazi walipokuja juu ya waya. Walikuwa kama arobaini, wa zamani, kila mmoja na pembe ya ndovu begani. Walitembea kwa mstari kwenye waya mwembamba wa juu kabisa.

"Shikamooni," alisema Advera.

"Marahaba," walijibu bila kusimama.

Walifika kwenye nguzo nene, ambapo nyaya zilikuwa zimekomea, wakatua mizigo, wakangoja.

Laini hiyo kubwa ya umeme ya kwenda Nzega ilifuata njia yao ya misafara. Fundi Majidi alikwisha kuwaeleza wanakijiji kwamba hapakuwa na hatari. Nyaya tatu za chini ndizo zitakazobeba umeme. Zimeachana ili upepo ukizibembeza zisigusane, na zimening'inizwa kwa mikufu ya vikombe vya kioo ili umeme usishuke kwenye chuma. Ule wa juu ni wa kudaka radi tu.

"Wazee wamechagua vizuri," alisema.

Kilichomsumbua Advera ni ile nguzo. Nguzo zote kutoka Tabora zilikuwa nyembamba, isipokuwa tatu: moja kabla ya shamba la tumbaku la mwenyekiti Leodgar, moja kando ya nyumba ya Advera, na ya tatu baada ya shamba. Kwenye hizo tatu laini ilipinda kukwepa shamba, ikapita juu ya nyumba ya Advera, kisha ikarudi njiani. Ukutani kwake palikuwa na X nyekundu. Nyumba ilitakiwa kubomolewa kabla umeme haujawashwa.

"Kaka, mbona hizi tatu zina miguu mipana?" Advera alimuuliza Majidi.

"Ni za kona. Waya ukipinda unaivuta nguzo upande. Usipoongeza chuma inalala."

"Kwa hiyo kunyoosha ni rahisi."

"Rahisi sana."

"Na mkapinda."

Majidi alitazama simu yake, ambayo ilikuwa imezimika. "Ramani ilikuja hivyo, dada."

Alhamisi mafundi walivuta nyaya hadi nguzo nene ya tatu. Alasiri kirongozi, mwonyesha njia wa msafara, mzee mwenye joho jekundu, alisimama juu ya nguzo nene ya kwanza. Akaitazama nyumba ya Advera, akalitazama shamba la mwenyekiti. Kisha akalaza tawi bichi la mninga kukatiza waya pale ulipopinda. Ndivyo misafara ya zamani ilivyokuwa ikifunga njia isiyo sahihi, ili wa nyuma wasipotee. Akakanyaga hewa, akaenda moja kwa moja juu ya tumbaku, wote wakamfuata. Kwenye nguzo ya tatu wakapanda waya tena.

Kijiji kizima kiliona. Watu walitazamana, kisha wakalitazama bani la kukaushia tumbaku la mwenyekiti.

"Wale hawajasomea umeme," alisema Leodgar kwenye mkutano wa kijiji.

"Njia wanaijua," alisema Advera.

"Mama Doto, njia ya pembe siyo ya nyaya," Leodgar alimjibu.

Wachache walicheka, macho chini.

Ijumaa Majidi aliliondoa tawi. Jumamosi palikuwa na lingine. Kazi hiyo iliingizwa kwenye ratiba ya mafundi, baada ya kukaza nati.

Jumanne lilikuja greda la kubomoa nyumba. Advera alikuwa amewaomba mafundi tawi waliloliondoa jana yake, akalilaza kukatiza njia ya kuingilia uani. Dereva alizima injini, akashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akalishika tawi kwa mikono miwili, akaliweka kando taratibu, majani yasivunjike. Kisha akapanda greda, akawasha.