Baada ya Maonyo Matatu

Mimi sikumpiga mtu risasi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililojiambia kwa miaka karibu minne, na lilinisaidia kidogo sana. Mimi ni karani. Naitwa Cibalonza, mtu wa upande wa Bukavu, Mkatoliki, mjane asiyetaka kuhurumiwa, na kwa miaka kumi na tisa kazi yangu hapa Goma ilikuwa kuandika maneno ya watu waliohojiwa katika ofisi moja ndogo ya upelelezi ya jeshi. Wao wanasema, mimi naandika, wao wanatia sahihi. Karatasi hiyo tuliiita PV. Ikishagongwa muhuri, yaliyomo ndiyo yaliyotokea, hata kama mwenyewe uliyekuwepo unakumbuka vingine.

Niwaambie jinsi karani mvivu anavyofanya kazi, maana kila kitu kinatoka hapo. Hakuna anayeanza na ukurasa mtupu. Unafungua PV ya kesi ya zamani, unafuta jina, tarehe na mahali, unaandika mapya, unahifadhi. Kesi za ziwani zilifanana zote: mtumbwi, mifuko ya bangi, askari wa doria. Kwa hiyo nilikuwa na PV moja ya kunakili, na katikati yake kulikuwa na sentensi ambayo sikuigusa kamwe: "Baada ya kuonywa mara tatu kwa sauti kubwa, mtuhumiwa alikataa kutii." Sheria inataka onyo kabla ya risasi, basi sentensi ilikaa pale. Shahidi hajavuta kiti, yenyewe imeshaandikwa. Nilisifiwa kwa wepesi wangu, nami nikazikubali sifa, mpumbavu mimi.

Mwaka wa 2021, mwezi wa tano, mlima wa volkano ulipasuka. Siku chache baadaye tukaamriwa kuhama, na mji mzima ukamiminika njiani, wengine Sake, wengine Rwanda, wengine ziwani na magodoro yao. Mkoa ulikuwa umewekwa chini ya wanajeshi tangu mwanzo wa mwezi huo, kwa hiyo sisi wa ofisi hatukupewa ruhusa ya kwenda mbali. Tulihamishia meza na kompyuta katika darasa la shule moja huko Sake, ardhi ikitetemeka chini ya viti vya watoto. Hapo ndipo alipoletwa Kaporali Buhendwa kusimulia jinsi alivyomuua mtu.

Alikuwa mpole. Alisalimia kila mtu, akafuta majivu kwenye buti kabla ya kuingia.

"Siku ile mitumbwi yote ilikuwa inatoka Goma, imejaa batu," alisema. "Moja tu njo ilikuwa inaingia. Mutu mumoja na mifuko. Kapiteni wenu alikuwa ametuambia, mutumbwi wenye unarudi mu muji wenye batu banakimbia, ule ni wa bangi, musipoteze wakati."

"Mukamuita?" nikauliza, kwa mazoea tu, macho yangu kwenye kioo.

"Kumuita ya nini, mama? Alituona, akazima motere yeye mwenyewe. Akasimama, akatuangalia. Mi nikapiga."

Niliandika mtumbwi. Niliandika mifuko miwili, na saa tisa ya mchana, na jina la marehemu lililosomwa kwenye kitambulisho chake: Niyibizi, mwendesha mtumbwi wa Kituku. Ardhi ikatikisika, jenereta ikakohoa, nikaogopa kupoteza kazi yote, nikahifadhi na kuchapisha upesi. Habari ya injini kuzimwa ilibaki nje. Sentensi yangu ilibaki ndani.

Kaporali alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Kilipofika katikati ya ukurasa, kidole kikasimama. Akainua macho akanitazama, nami papo hapo nikajua ni maneno gani yaliyokuwa chini ya kidole kile. Ningeweza kusema, ngoja, nimekosea, lete nifute. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Nyuma yake mkuu wetu, Kapiteni Wenceslas, alikuwa amesimama na muhuri mkononi.

"Mama, unaandikaka muzuri," kaporali akasema, na akatia sahihi.

Yule askari hakuniambia uongo hata mmoja, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Uongo nilikuwa nao mimi, tayari, na nilimpa bure.

Jioni nilimwendea kapiteni.

"Muzee, ile kesi ya ziwa. Kaporali hakusema kama aliita."

"Bangi ilikuwamo ama haikuwamo?"

"Ilikuwamo."

"Basi, mama. Unataka nini tena?"

Swali hilo linafunga midomo ya watu, nimeona. Padri ukimsimulia atauliza hilohilo, majirani vilevile. Lakini mimi kanuni ya bangi nilikuwa nimeichapisha mara nyingi mpaka naiona nikifumba macho. Mwenye bangi anafungwa miaka, analipa faini, anatoka, anarudi kwao akiwa amekonda. Hakuna ukurasa unaosema apigwe risasi akiwa amesimama wima na injini imezimwa. Nilijua hayo yote, na bado nikamwambia kapiteni, "Hakuna kitu, muzee," nikaenda kula.

Mwezi wa sita watu walirudi mjini, nasi tukarudi ofisini. Wiki hiyohiyo akaja mwanamke mrefu, mzaliwa wa Kiwanja, mkazi wa Katoyi hapa mjini, amemshika mkono binti yake wa miaka kama kumi. Alijitaja: Nyiransengimana, mke wa Niyibizi. Nilijiandaa kwa kilio. Wajane wengi huanza kwa kuapa kwamba mume hakuwahi hata kuiona bangi.

"Sikukuja kubishana juu ya bangi," alisema. "Ilikuwa yake. Ile mifuko nilishona mi mwenyewe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Balimuita?"

"Kwa nini unauliza hivyo, mama?"

"Tulipatana. Nilimuambia, siku askari bakikuita, simama, inua mikono, uache mifuko iende. Utafungwa, nitakuletea chakula ku gereza, siku moja utatoka. Aliniapia mbele ya huyu mutoto, Gisubizo. Sasa niambie. Balimuita ama hapana?"

Mlango wa kapiteni ulikuwa wazi. Nilisikia kiti chake kikiacha kulia. Nilichukua PV, iliyokuwa kwa Kifaransa, nikamsomea kwa Kiswahili, na nilipofika katikati sauti yangu haikubadilika hata kidogo.

"Mara tatu?" akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Angalieni ujanja wangu. Sikusema ndivyo ilivyokuwa.

Hakulia. Alimtazama binti yake, kisha akasema, si kwangu, "Basi alichagua mifuko." Wakatoka.

Tangu siku hiyo, mtu akiniita naitika kabla hajamaliza jina. Watu ofisini walicheka: mama Cibalonza anaitika hata asipoitwa. Nikiwa karibu na ziwa, mchana kweupe, injini ya mtumbwi ikizimwa, mgongo wangu unakakamaa na nasubiri mlio. Naye marehemu Niyibizi alianza kuja. Sura yake sikuijua isipokuwa kwa ile nakala ya kitambulisho ndani ya faili, ambayo mashine yetu mbovu iliitoa nyeusi, macho mawili na doa. Basi alikuja na sura hiyohiyo. Nilimwona kwenye mstari wa benki. Nilimwona kanisani upande wa wanaume, wote wamepiga magoti, yeye amesimama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ule utulivu wa mtu anayejua kwamba ataitwa sasa hivi. Nililipia misa tatu. Alihudhuria zote.

Nyiransengimana alianza kuuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, katika soko la Kituku. Nilienda kila Jumamosi kununua kwake samaki nisiowahitaji, nikawagawia majirani. Hakunitambua, siku ile ofisini alikuwa ametazama karatasi tu. Niliponunua nilijiambia leo, leo namwambia, kisha naona wanajeshi wamekaa kwenye ngazi wanakunywa soda, narudi nyumbani na samaki.

Jumamosi moja Gisubizo alikuwa mbali kidogo, anawatazama wavuvi wakikunja nyavu, na mama yake alikuwa anamtaka alete beseni.

"Gisubizo! Gisubizo! Gisubizo, weye!" Mtoto akaja mbio. "Njo damu ya baba yako hiyo. Mutu anaitwa mara tatu, hageuki. Naye vilevile, alituacha juu ya mifuko mibili. Utaisha kama yeye."

Mtoto hakushtuka. Aliinamisha kichwa kama anayesikia jambo la kila siku, akachukua beseni. Niliacha samaki wangu pale mezani, nikaenda nyuma ya mitumbwi nikalia kwa sauti, mwanamke mzima na mkoba wake. Sentensi ile niliiandika kwa ajili ya faili. Sasa ilikuwa inamlea mtoto.

Na bado sikusema. Niliendelea hivyo miaka mitatu na nusu. Nilikuwa na mshahara, na nilikuwa na woga, na msiniulize kipi kilikuwa kizito zaidi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 waasi waliingia mjini. Siku zile sitaki kuzisimulia, waliokuwepo wanajua. Nilipothubutu kutoka, ofisi yetu haikuwa na mlango wala kompyuta. Kapiteni alikuwa amekimbia, Buhendwa sijui kama yu hai, na PV zetu zilitapakaa barabarani katika maji ya mvua, watu wakizikanyaga. Niliinama nikatafuta ya kwangu nusu siku nzima. Sikuipata. Ndipo nikaelewa kwamba sasa hakuna wa kunifukuza kazi, hakuna wa kunifunga, na kusema ukweli hakutanigharimu hata faranga moja. Naona aibu kuandika kwamba hapo ndipo nilipopata ujasiri.

Nilikwenda Katoyi kwa miguu. Alinikaribisha, akanifutia kiti. Gisubizo, sasa msichana wa miaka kumi na minne, alikuwa mlangoni anachambua maharagwe.

Nilimwambia yote. Kompyuta, PV ya kunakili, kidole cha kaporali, mlango wa kapiteni. Nilimwambia, "Hawakumuita, mama. Hata mara moja. Hayo maneno ni yangu mimi."

Alisogea karibu yangu.

"Alizima motere?"

"Alizima mwenyewe, mara alipowaona."

"Alisimama?"

"Alisimama, akawaangalia."

"Na mikono? Aliinua mikono?"

"Kaporali hakusema," nikajibu. "Nami sikumuuliza."

Gisubizo alikuwa ameacha kuchambua. Nilitaka mama yake anipige. Nilikuwa nimekuja na shavu langu tayari kwa hilo. Badala yake alianza kusema taratibu, macho kwenye sakafu.

"Siku nilitoka kwenu, mochari balinipigia simu. Eti nikuje kumuchukua. Nikabaambia simujui huyo mutu. Bakapiga tena kesho yake, mutu wa pale akaniomba, mama, anakaa siku mingi, iko fasi ya kumuzika, kuja hata na shuka. Nikamuambia alichagua mifuko, basi mifuko imuzike." Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Kaka zake balitaka kuenda. Nilibakatalia mi mwenyewe. Balimuzika pamoja na bale benye habana ndugu."

"Mama," Gisubizo akasema, "uliniambiaka mwili wake ulipotea mu maji."

Nyiransengimana aliinuka, akajifunga kitenge cha pili, akavaa viatu vya kwenda kanisani, akasimama mbele yangu.

"Alifanya vile tulipatana," alisema. "Alifanya hata kabla ya kuitwa. Nami nilimukataa. Simama, twende. Wewe njo ulikuwa unaandika vitu vyote kule. Unionyeshe fasi analala, nimuombe musamaha."

Ikanibidi nimwambie kwamba hilo halikuandikwa popote.