Turbo ya Evert

Gunvor alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa wa hasira. Kila jioni mumewe, Evert, alirudi kutoka kiwanda cha karatasi, akaegesha gari uani, kisha akabaki humo ndani injini ikinguruma. Dakika mbili, tatu, tano. Theluji inaanguka, supu inapoa mezani, bwana kakaa kwenye usukani kama sanamu. Mwanamke gani angevumilia?

"Ni turbo, mama," ndiyo ilikuwa hoja yake. "Ukizima injini ghafla, turbo inaungua. Lazima ipoe kwanza."

Basi Gunvor akaivumilia hiyo turbo miaka tisa, kama mtu anavyomvumilia mke mwenza. Akapasha supu, akapasha tena. Gari lilipokufa kwa kutu alishukuru kimoyomoyo. Evert akanunua jingine, na bado akawa anakaa vilevile.

Alhamisi moja shemeji yake Gunvor, Birger, fundi magari, alipita kula supu ya njegere. Taa za gari zikamulika dirisha la jikoni, injini ikaendelea kunguruma.

"Mbona haingii?" Birger akauliza, kijiko mkononi.

"Anapooza turbo."

Birger akacheka. "Turbo ipi, shemeji? Lile la zamani injini yake ilikuwa lita mbili, mapafu madogo. Ndiyo maana likawekewa turbo, kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, kiisukumie hewa zaidi. Ile inapata moto kweli. Hili ni lita tatu, linavuta hewa ya kulitosha. Turbo halina. Unazima tu, unaingia kula."

Gunvor akaweka upawa chini polepole. Za mwizi arobaini, alijisemea. Akatoka na aproni yake na ndara miguuni, akafungua mlango wa dereva.

"Leo unapooza nini, Evert?"

"Si hii tur—"

"Ni lita tatu. Shemeji kanieleza. Umenifanya mjinga, na utaniona mjinga mpaka lini?"

Evert akatazama dirisha la jikoni. "Najipooza mimi," akasema. "Kutwa nafokewa na msimamizi. Nikifungua mlango ule nafokewa na wewe. Hapa katikati hakuna anayenifokea."

Ilimchoma Gunvor, kwa sababu alikwisha kufungua kinywa afoke. Na ya kufoka alikuwa nayo tele. Nani alishinda peke yake katika nyumba ile, hana hata paka wa kuongea naye? Nani alikuwa akihesabu taa za magari barabarani tangu saa kumi? Hasira haikupungua hata chembe. Evert akashika ufunguo azime.

Gunvor akazunguka gari, akaingia upande wa pili, akabamiza mlango hadi theluji ikaporomoka kutoka paani.

"Usizime," akasema. "Na mimi nina moto wa kupooza."