Kamera ya Korongo

Kila mvua kubwa ilipopita, korongo lilimega shamba la mizabibu la Mzee Sila kule Hombolo. Bwana shamba alipoambiwa, alijibu kwamba makorongo hayatembei kwa kasi hiyo. Ndipo Anyesi, binti wa mzee na fundi simu wa Chang'ombe, Dodoma mjini, alipoapa kulipiga picha likitembea.

Alitoboa boksi la plastiki, akapachika kioo, akaweka ndani simu ya zamani, betri, na juu paneli ndogo ya sola, kisha akalifunga boksi kwenye nguzo ukingoni mwa korongo. Simu ingepiga picha yenyewe kila nusu saa. Zikiunganishwa, hata mbishi angeona ardhi ikiliwa.

Jua la Dodoma lilikuwa na lake. Simu ilichemka, ikajizima. Akalipaka boksi rangi nyeupe, akatoboa matundu ya hewa, vumbi likaingia. Akaziba matundu, kioo kikatoka jasho kwa ndani, picha zote zikawa nyeupe kama maziwa. Alipotatua hilo, sisimizi wakahamia humo na mayai yao. Siku hiyo alirusha bisibisi mizabibuni kwa hasira, kisha akapoteza mchana kuitafuta.

Hatimaye boksi likatulia. Desemba ikaja na mvua ya kutwa nzima. Ilipokatika, Anyesi akapanda bodaboda mpaka shambani, roho juu. Korongo lilikuwa limemeza safu nzima ya mizabibu, na ukingo umesogea karibu na nguzo ya kamera. Juu ya nguzo, boksi lilikuwa limevishwa kiroba cha mbolea, kimefungwa kamba barabara.

"Shikamoo, baba. Nani kafanya hivi?"

"Marahaba. Mimi," mzee akajibu kwa fahari. "Niliona wingu, nikasema kitu cha mwanangu kisilowe."

Anyesi akaifungua simu, akapitia picha. Kiroba, kiroba, kiroba.

"Baba! Nimelitengeneza ili lisilowe! Mvua ndiyo niliyokuwa naisubiri!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Ungeniambia," mzee akasema. "Unakuja, unafunga vitu vyako, unaondoka."

Wakaing'oa nguzo pamoja, wakaisimika nyuma zaidi. Anyesi akamwonyesha baba yake jicho la kamera na mahali linapotazama. Mzee akachungulia.

"Na wingu likija?"

"Uiache, baba."

Bado alikuwa na hasira, ila hakujua tena anamkasirikia nani.