Mlango wa Uani wa Chande

Usingizi haupigi hodi. Unamkuta Chande kitini pake, wali wa mchana tumboni, kompyuta za hospitali zikivuma mbele yake, na mara yumo barabarani. Barabara haina mwisho, nyumba zake ni za vioo, na katika kila kioo yumo Chande: huku kavaa sare ya jela, huku suti ya mtaalamu wa usalama, maana ndiye yule aliyefungwa kwa kudukua kompyuta za watu, kisha alipotoka wakamwajiri azilinde, dawa ya moto ni moto. Mbele yake anatembea mtu asiye na uso. Kitendawili, anasema mtu huyo. Tega, anajibu Chande, mazoea ya utotoni hayo. Nyumba yangu ina mlinzi hodari, na mwizi huingia kwa ufunguo wa mlinzi. Jibu analo, limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alipofunga milango yote ya kompyuta zile aliacha mmoja wa uani, mdogo, njia ya siri ya kuingilia anayoijua peke yake, kwa kuogopa kwamba siku moja watakumbuka jela yake na kumtimua, naye akose pa kupitia. Sijui, anasema. Basi nipe mji. Chande anacheka, mji wa kitendawili si hutolewa kwa mdomo tu? Chukua Tanga. Na Tanga inazimika, taa, sauti, watu, vioo vya upande ule vyote giza. Nyumba yangu ina mlinzi hodari. Chukua Lindi. Lindi nayo kimya. Barabara inajikunja kama mkeka, inamrudisha palepale, na sasa mji uliobaki ni mmoja, hospitali yenyewe, wodi ya watoto njiti, mashine zikiwasaidia kupumua. Mlango wa uani upo pale, na mtu asiye na uso ameshashika kitasa. Nipe mji, Chande. Chande anapiga kelele. Huu siutoi! Jibu ni mimi! Mlinzi ni mimi, mwizi ni mimi!

Wewe nini? Anafumbua macho. Bi. Shuwena, mkuu wake wa kazi, amesimama mlangoni, jua liko nyuma yake, uso hauonekani. Unalala kazini na kupiga kelele mimi, mimi. Wewe nini, mwanangu? Kompyuta zinavuma, au ni barabara inayovuma, Chande hajui. Anaweza kusema ni ndoto tu, mama, nisamehe, na mambo yakaisha. Kuna mlango niliuacha wazi, anasema, ule wa uani, na anayemwambia bado hajamwona uso.